Jina la Uhakika Haliuzwi: Ubashiri wa Gofu na Utapeli Unaovuka Mpaka

Asubuhi moja mama mmoja, mtunza hazina wa kikundi cha akiba katika mji wetu wa mpakani, alifika kituoni akiwa ameshika simu ya mwanawe. Shilingi 1,400,000 za wanakikundi wenzake hazikuwemo tena sandukuni. Mwanawe, kijana wa miaka 22 anayeendesha bodaboda, alikuwa amezituma kwa mtu asiyemjua, mwenye laini ya upande wa pili wa mpaka. Sehemu ya kwanza ilikuwa bei ya kununua jina la mshindi wa mashindano ya gofu. Sehemu ya pili ilikuwa dau ambalo mtu huyo aliahidi kumwekea. Mchezaji aliyetajwa hakuvuka hata mchujo wa Ijumaa, na kufikia Jumamosi namba ile ilikuwa imezimwa.

Tulimuuliza kijana kwa nini aliamini. Alijibu kwa unyofu: "Alinipa majibu matatu bila malipo, na yote matatu yalikuwa kweli." Makala haya yanaeleza jinsi majibu matatu ya kweli yanavyoweza kutolewa na mtu asiyejua lolote.

Kwanza tuutazame mchezo wenyewe. Mashindano ya kawaida ya gofu ya kulipwa huchezwa siku nne, Alhamisi hadi Jumapili, mashimo 18 kila siku, jumla 72. Aliyetumia mikwaju michache zaidi ndiye mshindi. Baada ya siku mbili hufanyika mchujo, na takriban nusu ya wachezaji hurudi nyumbani. Mpira wa miguu una matokeo matatu tu: kushinda, kushindwa au sare. Mashindano ya gofu ya The Open, yanayofanyika Uingereza kila Julai, huanza na wachezaji 156, na mshindi ni mmoja.

Ndiyo maana hata mabingwa hushangaza. Mwaka 2003 Ben Curtis wa Marekani, aliyekuwa nafasi ya 396 katika orodha ya dunia, alishinda The Open. Mwaka 2009 Tiger Woods, ambaye mara 14 alikuwa ameongoza mashindano makubwa hadi siku ya mwisho na kushinda yote 14, alipitwa na Y.E. Yang wa Korea Kusini. Kama waliomfuata Woods kwa miaka mingi hawakuliona hilo likija, mwenye namba ya simu isiyo na jina ameliona wapi?

Ni kweli kwamba wabashiri wenye uzoefu huchunguza mambo ya maana kabla ya kuchagua. Hutazama mchezaji amemalizaje katika wiki zilizopita, kama ana jeraha, na kama uwanja unamfaa. Katika Kenya Open, kwa mfano, huzingatia kwamba Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi na mpira husafiri mbali zaidi. Lakini habari hizi zote ziko wazi, na kampuni ya kamari imezisoma kabla yako. Zimo tayari ndani ya ile namba ya malipo ambayo vijana huiita odi.

Odi nayo ina hesabu yake. Tuseme wapo wachezaji kumi wenye uwezo sawa. Malipo ya haki kwa kila mmoja yangekuwa odi 10. Kampuni huweka, tuseme, odi 8. Ukiweka shilingi 10,000 kwa kila mchezaji, umetoa 100,000, na yeyote atakayeshinda utapokea 80,000. Zile 20,000 ni pato la kampuni. Majina yanapokuwa mia na zaidi, kila jina hukatwa kidogo, na pato hilo huweza kukua kuliko la mechi ya mpira bila mteja kulitambua.

Baadhi ya kampuni hutoa pia dau la sehemu mbili: nusu kwa ushindi, nusu kwa kumaliza ndani ya watano bora. Umeweka shilingi 10,000 kwa mchezaji mwenye odi 41, na nusu ya pili inalipwa kwa moja ya tano ya faida, yaani odi 9. Hakushinda, lakini amefungana na wenzake watatu katika nafasi ya tano. Unatarajia 5,000 mara 9, yaani 45,000. Lakini nafasi iliyobaki ni moja na waliofungana ni wanne, kwa hiyo malipo hugawanywa kwa nne. Unapokea 11,250. Faida yako ni shilingi 1,250. Huu si wizi. Ni kanuni iliyoandikwa, ambayo wengi huisoma baada ya kuweka pesa.

Sasa tuje kwa tapeli. Katika gofu lipo dau la kuchagua ni nani kati ya wachezaji wawili atakayemaliza mbele ya mwenzake. Tapeli ana namba za watu 800. Wiki ya kwanza huwaambia 400 kwamba atatangulia mchezaji wa kwanza, na 400 wengine kwamba atatangulia wa pili. Walioambiwa uongo huwaacha. Wale 400 waliobaki huwagawa tena: 200 kwa 200. Wiki ya tatu, 100 kwa 100. Baada ya wiki tatu wapo watu 100 walioona majibu matatu ya kweli mfululizo. Akimtoza kila mmoja shilingi 50,000, amepata 5,000,000 bila kutazama hata shimo moja la gofu. Yule kijana alikuwa mmoja wa waliobaki kwenye chekecheke. Wale 700 waliodondoka hakuwaona, na hakuwa na njia ya kuwaona.

Gofu humfaa tapeli kwa sababu hapa kwetu ni wachache wanaoufuatilia. Kuhusu mpira, kila kijiwe kina mtu wa kumbishia. Mwenye jina la uhakika angelichezea mwenyewe kimyakimya. Asingehitaji shilingi 50,000 za mwendesha bodaboda.

Jambo la pili linalomsaidia ni mpaka. Sheria ya Uganda ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016 inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari. Kenya na Tanzania kiwango ni miaka 18. Tapeli huitumia tofauti hiyo: humwambia kijana wetu kwamba atamwekea dau "upande wa pili", kisha pesa zikipotea humtisha kwamba akienda polisi atashtakiwa yeye. Kijana hunyamaza, na mama yake hubaki akikabiliana na wanakikundi peke yake.

Ndugu wananchi, tunawaomba mzingatie yafuatayo. Usimtumie mtu binafsi pesa ili akuwekee dau. Usinunue jina la mshindi, hata kama ametangulia kukupa majibu sahihi. Kabla ya kushughulika na kampuni yoyote, hakikisha ina leseni ya bodi inayosimamia michezo hiyo nchini. Fedha za kikundi, karo na mtaji wa dukani visiwekwe rehani kwa matokeo ya mchezo.

Na ikiwa umekwisha kutapeliwa, usifute ujumbe. Hifadhi namba, tarehe na taarifa za miamala, kisha fika kituo kilicho karibu nawe, upande wowote wa mpaka ulipo, mapema iwezekanavyo. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa pande zote mbili, na polisi wa nchi za ukanda huu wana njia za kushirikiana.

Mama yule alikuja siku ya nne. Laiti mwanawe angekuja siku ya kwanza, tungekuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuzifuatilia fedha zile kabla hazijatolewa. Tafadhali soma makala haya pamoja na vijana wako nyumbani.