Mtoto anapopigana njiani kwenda hospitali

Hapa Luvungi tumeyaona mara nyingi. Mtoto ameumia kandokando ya shimo, ama homa imempanda usiku. Watu wanne wanambeba. Yeye anauma, anapiga mateke, anaita mama. Mmoja anapaza sauti: "Kamata mikono!" Mwingine: "Mufunge na kikwembe!" Tunafika kituo cha afya tumemushinda, lakini mtoto amefika amechoka zaidi.

Sisi wa sendika ya wachimbaji tunasema: ndugu zetu, hizo fujo si utundu. Ni alama. Mtoto anayekosa hewa anahangaika. Aliyepoteza damu mingi anahangaika, na mikono inakuwa baridi. Aliyegongwa kichwa anaweza kulia sana, kisha ananyamaza na kusinzia. Tusifurahi kwamba ametulia, tuongeze mwendo. Mwenye malaria kali, hajakula tangu jana, sukari ya mwili inaweza kuwa imeisha.

Tukumbuke Sange, kwenye barabara hii yetu ya Uvira, usiku wa tarehe 2 Julai 2010. Lori la mafuta lilipinduka, likawaka moto. Watu zaidi ya 200 walikufa, watoto wengi ndani yao. Waliojeruhiwa walipelekwa Uvira na Bukavu, wengine kwa helikopta za Umoja wa Mataifa. Siku kama ile daktari hatoshi. Mkono wa kwanza ni wa jirani.

Basi, huo mkono ufanye nini?

Mtu mmoja tu aseme na mtoto, kwa luga ya nyumbani, polepole. Wengine wanyamaze, watu wa kushangaa warudi nyuma. Mama ama baba asitengwe naye. Anayehema kwa shida tusimulaze kwa nguvu. Akae namna anavyopumua vizuri. Tusimudanganye kwamba hakuna sindano.

Ku moto, mama amubebe mbele, kifua kwa kifua, ili aone uso na pumzi yake. Lakini aliyeanguka shimoni asipandishwe moto kama kuna njia ingine: alazwe juu ya ubao, kichwa na shingo visitikisike, tutafute gari.

Degedege ikimukamata, alazwe ubavu, tusitie kitu mdomoni. Ikipita na bado amelegea, kijiko kidogo cha sukari iliyoloweshwa na maji kiwekwe chini ya ulimi. Na dawa ya kulaza ya famasi, Valium na ndugu zake, hapana! Inaweza kuzima pumzi njiani, hapo hakuna wa kumusaidia.

Tukifika, tumwambie muuguzi: ilianza saa ngapi, alianguka ama hapana, alikula nini, alipewa dawa gani. Maneno hayo yanapunguza muda wa kutafuta.

Sasa neno kwa makoperative na maPDG wa mashimo. Kutoka huku kupanda Lemera, ama kupita milima ya Ngomo kwenda Bukavu, si safari ya kuanza kutafuta franga za moto wakati mtoto analia. Tunaomba kila chantier iwe na ubao, blanketi, sukari, motari anayejulikana, na watu wawili waliofundishwa na wauguzi. Pesa ya mambo hayo itoke ku makato yanayokatwa juu ya jasho letu kila juma. Mkutano ujao tutauliza, shimo kwa shimo, nani ameviweka.