Je, Wajua? Mtungi wa Hewa Huzama Ukijaa, Huelea Ukiisha

Mzamiaji hubeba vipande vya risasi ili azame, lakini ni mahali vinapofungwa panapoamua kama mwili utalala sawasawa au miguu itaning'inia. Mapafu yenye hewa huinua kifua. Risasi yote ikikaa kiunoni, nyonga huvutwa chini. Hapo kila teke la mapezi humsukuma juu badala ya mbele, hewa humwishia mapema, na matumbawe yaliyo chini yake huvunjika au kufunikwa na mchanga.

Dawa si kuongeza risasi, ingawa wengi hukimbilia huko. Kilo moja au mbili huhamishwa kutoka kiunoni hadi kwenye mkanda unaoshika mtungi, au mtungi wenyewe husogezwa kidogo kuelekea kichwani. Miguu ikielea, hufanywa kinyume chake.

Uzito hupimwa kwa kufikiria mwisho wa safari. Hewa ya mtungi wa alumini wa lita 11, ukijazwa hadi bar 200, ina uzito wa takriban kilo 2.6. Ikikaribia kuisha, mtungi uliokuwa ukizama huanza kuelea. Kwa hiyo kipimo cha kuaminika hufanyika kwenye kina cha mita 5, mtungi ukiwa na bar 50 hivi na jaketi la kuelea likiwa tupu: aliyepima vizuri hutulia hapo, hapandi wala hazami.

Anayetoka Bahari ya Hindi kwenda kuzamia Ziwa Tanganyika hupunguza kilo 2 hadi 3, kwani maji yasiyo na chumvi humwinua kidogo kuliko maji ya bahari.