Tumushike mutoto mukono mbele ya polisi kumushika

Bandugu bafanyakazi, na ninyi bamama ba nyumba zetu, kwenye biro ya sindika bazazi banakuyaka na neno moja: "Mutoto wangu bamemufunga." Banatuomba tutafute avoka, tuongee na komanda, tukopeshe pesa. Tunafanya tunachoweza. Lakini tukiuliza shida ilianza lini, jibu ni karibu lile lile: mwaka moja mbele, ao miaka mbili. Mutoto aliacha masomo, akaanza kulala inje, akarudi na viatu vipya ambavyo hakuna mutu alimununulia. Kila mutu aliona. Hakuna aliyesema.

Njia yenyewe tunaijua, ikuwe Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi. Mutoto anaanza na kuosha mawe na kuokota mabaki. Kisha anabebea bakubwa mifuko. Kisha anaingia usiku ndani ya konsesyo pamoja na bale banaitwa basuisidere. Siku ingine ni nsinga za umeme za jirani. Pesa inatoka siku ile ile, lutuku na bangi viko pembeni. Hapo mukubwa wake si baba tena, ni yule mwenye kumulipa.

Miaka ya hatari ni kati ya 12 na 16. Shule ya primeri ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari ingali inaomba pesa. Na baba akifanya posti ya usiku, muchana analala. Anaweza kumaliza juma muzima bila kuongea na mutoto wake. Tusisahau pia mwaka 2003 na 2004, wakati bafanyakazi zaidi ya 10,000 ba Gécamines balitoka kwa "depare volontere". Nyumba nyingi zilipoteza mushahara, na batoto balianza kutafuta chakula benyewe.

Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inatusaidia, lakini wengi hatuijue. Mutoto mwenye hajafikisha miaka 14 hawezi kuhukumiwa kwa kosa la jinai. Kutoka 14 mpaka chini ya 18, kesi yake ni ya tribinali ya batoto, si ya bakubwa. Kwa makosa yasiyo makubwa, sheria inaruhusu upatanisho kati ya jamaa ya mutoto na mutu aliyekosewa. Basi mutu akikuambia "lipa, ao anaenda gereza na bakubwa," usikubali mbiombio. Kuya na baba, na mama, na mujumbe wa sindika.

Lakini kungojea sheria ni kuchelewa. Serikali inapeleka vijana ba kuluna ba Kinshasa mpaka Kaniama-Kasese kujifunza kulima. Hiyo ni dawa ya kisha ugonjwa. Hapa kwetu, Basalesiani ba Bakanja, Lubumbashi, banapokea batoto ba barabara, na masista ba Bon Pasteur banafanya kazi na batoto ba machimbo Kolwezi. Hao banaanza na kusikiliza, si na fimbo. Na sisi je?

Kijana atafuata mukubwa. Swali ni mukubwa gani. Katika kambi zetu muko mekanisyen, fundi ba umeme, fundi ba kuunganisha chuma, benye bamepata pensheni na banashinda chini ya muti wa maembe. Tunaomba kila moja achukue kijana moja. Aongee kwanza na bazazi. Kila Siku ya Posho, akae naye saa mbili, amuonyeshe kazi. Mutoto akikosa masomo juma moja, aende nyumbani kwake juma ile ile, asingojee mwezi. Asimupige, asimupe pesa bure. Na asimuache akianguka mara ya kwanza. Hapo njo kazi inaanza.

Vyombo vinaomba makuta, ni kweli. Kodi ya Mine ya 2018 inaomba kampuni itoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa miradi ya wenyeji, na wenyeji bana viti kwenye komite inayosimamia pesa hizo. Bajumbe betu ba kartie baombe atelye ya vijana mbele ya kuomba kiwanja cha mupira.

Mwenye kuwa tayari, aandikishe jina lake kwa mujumbe wa sindika wa atelye yake. Aandike pia jina la kijana.