Kondoo Hali Peke Yake



Maonyesho ya kilimo yanapofanyika pale Jamhuri Park, Nairobi, wengi wetu husimama sana kwenye mabanda ya kondoo. Unamwona Dorper mwenye kichwa cheusi, mgongo mpana kama meza, na papo hapo unaanza kuhesabu pesa za kikundi. Si vibaya. Lakini tunakijua kikundi kimoja kilichonunua dume zuri kwa pesa za mzunguko, wakamfikisha nyumbani jioni, na kwa furaha wakampa karai zima la mahindi. Siku ya pili amelala, hacheui, anaharisha. Siku ya tatu amekufa. Maneno yakaanza: jirani ana kijicho, mweka hazina alinunua mgonjwa. Kikundi kilikaribia kuvunjika, na hakuna mtu aliyemroga kondoo yule.

Basi tuelezane. Tumbo la kondoo lina vyumba vinne. Cha kwanza, kiitwacho rumeni, ndicho kikubwa. Kwa kondoo mzima kinaweza kubeba lita 10 hadi 20. Akina mama wanaoosha matumbo siku ya kuchinja wanakijua vizuri. Ndani yake hamna hewa safi, joto ni kama digrii 39, na mnaishi vijidudu vingi ajabu: katika kijiko kimoja cha maji yake mna mabilioni ya bakteria. Kuvu pia zimo. Colin Orpin wa Uingereza ndiye aliyezitambua, kwenye kondoo, mwaka 1975.

Kondoo mwenyewe hawezi kuvunja nyuzi za nyasi, kama vile sisi tusivyoweza. Vijidudu ndivyo huzivunja na kutoa asidi nyepesi, ambazo huingia kwenye damu na kumpa nguvu. Halafu vijidudu vyenyewe husukumwa hadi chumba cha nne, vikayeyushwa na kuwa protini yake. Kwa hivyo wewe unalisha vijidudu kwanza, kondoo anakula baadaye.

Sasa, vijidudu vya nyasi si vile vya nafaka. Ukimwaga mahindi kwa ghafla, vile vinavyopenda wanga vinazaana kwa masaa machache tu, asidi kali inajaa, vya nyasi vinakufa, naye kondoo anafuata. Ugali uliobaki au mikate ya sherehe ni yale yale. Anza na kiganja kimoja kwa siku, akiwa ameshakula nyasi kavu, kisha uongeze polepole kwa wiki mbili.

Wakati wa kiangazi shida inageuka. Unampa mabua ya mahindi peke yake, tumbo limejaa na bado anakonda. Mbona? Mabua yana protini kidogo mno, vijidudu havina cha kujijengea, kazi inakwenda pole, na chakula kinakaa tumboni mpaka hana nafasi ya kula kingine. Changanya na majani ya viazi vitamu, kaliandra au desmodiamu, nayo mabua yataliwa zaidi. Urea msiijaribu bila mtaalamu. Kipimo kikizidi, inaua siku hiyo hiyo.

Mwana-kondoo huzaliwa rumeni ikiwa ndogo, haijaanza kazi; maziwa hupita moja kwa moja hadi chumba cha nne. Akifika wiki mbili au tatu anaanza kudonoadonoa, na vijidudu anavipata kwa mama yake na malishoni. Mwekeeni nyasi laini mapema, ili akiachishwa kunyonya kwa miezi mitatu tumbo liwe tayari.

Nyinyi mnaochunga kando ya barabara za mjini, angalieni plastiki. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini vipande bado vimetapakaa, na hakuna kijidudu cha rumeni kitakachokuvunjia plastiki. Inakaa humo mpaka siku ya kisu.

Na usiku ukiwa na wasiwasi, bonyeza ngumi kwenye ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu. Tumbo zima husukuma mara moja au mbili kwa dakika. Ukingoja dakika tatu na kumenyamaza, ondoa nafaka yote, mwekee nyasi kavu tu, na umwite daktari wa mifugo bila kungoja asubuhi.