Mlenda wa Mvumi na Binamu Zake wa Nigeria

Mpishi wa Mvumi, wilayani Chamwino, akiingizwa leo kwenye jiko la Ibadan, kusini-magharibi mwa Nigeria, hatahitaji kufundishwa sana. Atakuta mboga inayovutika, atakuta magadi, atakuta na ugali wa kumezea. Yatakayokuwa mageni kwake ni majina: mboga huitwa ewedu, magadi huitwa kaun, na ugali wa rangi ya kahawia, uliosongwa kwa unga wa viazi vikuu vilivyokaushwa, huitwa amala. Upekecho nao hautakuwepo. Wayoruba hupondaponda ewedu chunguni kwa kifagio kifupi kiitwacho ijabe.

Kitaalamu ewedu ni Corchorus olitorius, mmea ambao Tanzania nao huitwa mlenda. Ugogoni, nchi ya Wagogo ambamo Mvumi imo, mlenda ni mimea kadhaa inayojiotea, ikiwemo ufuta mwitu na Ceratotheca sesamoides, ambao Wahausa wa kaskazini mwa Nigeria pia huupikia mchuzi. Hata uwele, nafaka ya ugali wa Wagogo, asili yake ni upande huo wa bara: ushahidi wa kale zaidi wa kulimwa kwake umepatikana Mali, na una umri wa miaka 4,500 hivi.

Huku Ugogoni mlenda umeshika jiko kwa sababu ukame una masharti yake. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka hazizidi sana milimita 600. Ardhi ya Mvumi ilimomonyoka kiasi kwamba mwaka 1986 mifugo iliondolewa chini ya HADO, mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanzishwa Dodoma mwaka 1973. Mahali kama hapo, mboga ya bustani inayodai maji kila jioni ni anasa. Mlenda haudai kitu. Huchipua wenyewe kati ya mistari ya uwele na mtama, akina mama huuchuma wakati wa palizi, huuanika, huutwanga, na unga wake huliwa kiangazi chote.

Sasa tuingie chunguni. Ule utelezi ni minyororo mirefu ya sukari iliyofungamana, ambayo wataalamu huiita polisakaridi. Mingi hubeba chaji hasi, na kwa kuwa chaji za aina moja husukumana, minyororo hujinyoosha ndani ya maji, ikakamata maji mengi na kushikana yenyewe kwa yenyewe. Ndiyo maana tonge likiinuliwa, uzi unafuata. Ukitia kitu kichachu, ndimu au nyanya nyingi, asidi hupunguza chaji hizo. Minyororo hujikunja na mlenda hulegea.

Magadi hufanya kinyume chake. Kikemia ni kabonati na bikabonati ya sodiamu, yaani alkali. Kuta za seli za majani hushikiliwa na pektini, nayo pektini hukazwa na kalsiamu. Magadi huinyang'anya pektini kalsiamu hiyo, na katika maji ya moto alkali huikatakata pektini yenyewe. Jani gumu hulainika kwa dakika chache na utelezi uliojificha hutoka. Kuni nazo huokolewa, jambo lenye uzito katika nchi yenye miti michache. Isitoshe, rangi hubaki ya kijani. Katika maji yenye asidi, klorofili hupoteza magnesiamu yake na mboga hugeuka rangi ya majani makavu. Alkali huzuia hasara hiyo.

Lakini magadi hayatoi bure. Vitamini C na vitamini B1 huharibika haraka vinapokutana alkali na joto. Baadhi ya magadi ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, ambayo huyatia madoa meno ya watoto yanapokuwa bado yanaumbika. Na mlenda ukichemshwa muda mrefu, minyororo yenyewe hukatika, mvutano ukapotea. Kwa hiyo magadi yawe kidogo na moto uwe mfupi. Majani ya kuhifadhi ni bora yakaukie kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali huharibu karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Karanga zilizotwangwa zina kazi zaidi ya utamu: karotini hufyonzwa vizuri penye mafuta.

Kwa elimu hiyo, ewedu inapikika Mvumi leo hii. Chemsha maji kidogo, tia magadi ya ncha ya kijiko, weka mlenda mbichi uliokatwakatwa, kisha upekeche kwa dakika tano hadi kumi. Wayoruba huongeza iru, mbegu zilizochachushwa zenye harufu kali, na kamba wadogo waliokaushwa. Iru haina mbadala kamili hapa, ila dagaa waliosagwa hukaribia ladha ya kamba. Mchuzi wa nyanya na pilipili pika kwenye sufuria nyingine, uumwagie juu wakati wa kupakua, kama wafanyavyo wao. Utaratibu huo una faida yake ya kikemia: uchachu wa nyanya unakutana na mlenda sahanini tu, dakika chache kabla haujaliwa, na hadi hapo uzi bado unavutika.