Nyumba ya Kauri ya Gede na siri ya mapambo ya Waborana

RAPSU ni makazi ya bara katika Kaunti ya Isiolo, zaidi ya kilomita 300 kutoka Bahari ya Hindi. Hata hivyo, bahari ina nafasi yake katika nyumba za Waborana, jamii inayoishi eneo hilo. Vyombo vya maziwa viitwavyo gorfa, ambavyo husukwa na akina mama, hupambwa kwa kauri, yaani simbi nyeupe zing'aazo.

Kauri ni ganda la konokono wa baharini aishiye kwenye miamba ya matumbawe. Kwa hiyo, kila kauri ionekanayo bara ilifikishwa huko na watu, kutoka mkono hadi mkono, kwa njia ya biashara.

Kumbukumbu ya biashara hiyo ipo katika magofu ya Gede, karibu na Watamu, Kaunti ya Kilifi. Miongoni mwa nyumba za mji huo, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, imo iitwayo Nyumba ya Kauri. Jina hilo halikutolewa na wenyeji wake, kwani waliuhama mji katika karne ya 17. Lilitokana na uchimbuzi wa mwanaakiolojia James Kirkman, kati ya 1948 na 1958. Nyumba nyingi zilipewa majina ya vitu vilivyokutwa ndani yake. Ndiyo sababu ipo pia Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Fedha za Kichina.

Kauri hazikuwa pambo tu. Katika sehemu nyingi za Afrika zilitumika kama fedha. Nchini Uganda, neno la Kiganda la fedha hadi leo ni ensimbi, jina lile lile la kauri.

Gede yenyewe inahusiana na bara kwa njia nyingine. Inaelezwa kwamba jina hilo ni la Kioromo, lugha ambayo Kiborana ni tawi lake, na maana yake ni kitu cha thamani. Mashambulizi ya Waoromo nayo hutajwa, pamoja na upungufu wa maji, miongoni mwa sababu za mji huo kuhamwa.

Mwaka 2024 UNESCO iliingiza Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini urithi huo hauishii kwenye kuta. Kauri ikiondolewa mahali ilipoachwa, hubaki ganda tu lisiloweza kueleza nani aliitunza wala kwa nini. Na ikiokotwa ikiwa hai baharini, kiumbe wake hufa. Ndiyo maana ni marufuku kuchukua makombe katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa 1968.

Mama wa bara anayerithi gorfa yenye kauri amerithi pia ukurasa wa historia ya pwani. Akiiuza kama pambo la watalii bila kueleza asili yake, ukurasa huo hufungwa.