Titi Lililobanwa na Kovu

Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya ziwani na kupita Gitaza, katika tarafa ya Muhuta, unaelekea kwenye michikichi ya Rumonge, ambako mawese ni chakula na ni biashara. Chikichi huchemshwa kwenye pipa, hukamuliwa, kisha mafuta hupikwa tena mpaka maji yaishe. Mama anakoroga, mtoto anacheza pembeni. Mafuta hayo yakimwagika, hung'ang'ania ngozi, na huwa ya moto kuliko maji yanayochemka.

Msichana wa miaka mitano akiungua kifuani, kidonda hufunga na watu humshukuru Mungu. Taabu huja anapobalehe. Chipukizi la titi liko chini ya chuchu, na mara nyingi huwa limesalimika kwa kuwa limelala ndani zaidi ya ngozi iliyoungua. Titi linaanza kukua, lakini kilicho juu yake ni kovu, na kovu halitanuki. Titi linabaki bapa, chuchu inavutwa kuelekea kwapani.

Mwaka 1971 mtafiti Giulio Gabbiani na wenzake walieleza seli za kidondani zenye nguvu ya kujikaza mithili ya msuli. Zinaitwa miofibroblasti. Kazi yao ni njema, kuvuta kingo za jeraha zikutane. Zisipoacha kwa wakati, zinaendelea kuvuta, na kovu hukaza.

Seli hizohizo huwasumbua wanawake waliowekewa vifuko vya silikoni, upasuaji ulioanzishwa na madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow mjini Houston mwaka 1962. Mwili huzungushia kifuko utando wa kovu. Utando ukikaza, titi huwa gumu, huuma, hupinda, na mgonjwa hulazimika kupasuliwa upya.

Kwa msichana aliyeungua, daktari hulikata kovu, na hapo hapo kingo zinaachana. Mwanya unaotokea ni mpana kuliko mtu angedhani, na huo ndio upungufu wa ngozi aliokuwa akiishi nao. Mwanya huzibwa kwa ngozi ya pajani au tumboni. Ngozi nyembamba hushika kwa urahisi, ila hujikunja sana baadaye. Nene haijikunji hivyo, lakini hudai jeraha safi lenye damu ya kutosha. Kikipandikizwa kipande kidogo, au binti akirudi nyumbani asionwe tena, miezi michache baadaye titi limebanwa upya. Kwa kawaida upasuaji wa kurekebisha husubiri kovu lilainike, miezi sita hadi mwaka. Lakini titi linalokua huku limebanwa halifai kusubirishwa.

Mwaka 1957 Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote mabingwa wa upasuaji wa kurekebisha, walianzisha Nairobi huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo ni shirika la afya la Amref. Naiheshimu sana kazi hiyo. Hata hivyo ndege huondoka, na kovu huanza kukaza wiki zinazofuata. Binti wa Muhuta anahitaji mpasuaji aliye Bujumbura, atakayemwona tena mwezi ujao na mwaka ujao, na muuguzi wa karibu anayejua kufunga bendeji ya kubana. Huu si urembo, ni tiba, na ipangiwe bajeti kama tiba.

Wazazi, mtoto akiungua mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, msimpake mawese wala dawa ya meno, kisha mpelekeni kituo cha afya. Na binti mwenye kovu kifuani aonwe na daktari mara titi linapoanza kuchomoza. Msimwambie avumilie mpaka aolewe.